Utafiti Unaoishia Mlangoni mwa Wizara

Ukiketi na watafiti wa afya katika chuo chochote cha nchi hii, haitapita nusu saa kabla hujalisikia neno urasimu. Kibali kimechelewa, barua imepotea masjala, Mkurugenzi yuko safarini, Mganga Mkuu amehamishwa na anayekaimu hana taarifa. Mengi ya malalamiko hayo ni ya kweli. Hata hivyo naandika leo kuyapinga, kwa sababu yamekuwa kichaka chetu cha kujifichia. Tunaulalamikia muundo wa serikali kana kwamba ni mvua iliyotukuta njiani tukielekea kwenye utafiti, ilhali kwa utafiti wa aina moja muundo huo ndio jambo tunalopaswa kulichunguza.

Aina hiyo huitwa utafiti wa utekelezaji. Hauulizi kama dawa inaponya. Swali hilo limekwisha kujibiwa na wengine. Huuliza kwa nini dawa inayoponya haimfikii mgonjwa wa kijijini, na nini kifanyike ili imfikie leo na mwaka kesho, kwa watumishi waliopo na kwa fedha zilizopo. Mtu anayefanya utafiti wa namna hii huku akiuona mfumo wa serikali kuwa usumbufu ni sawa na mtaalamu wa mito anayechukia maji.

Tuutazame basi muundo wenyewe, maana wengi wetu tunaujua kwa vifupisho tu. Wizara ya Afya hutunga sera, miongozo na viwango. Husimamia pia hospitali kubwa, na tangu Rais Magufuli alipoagiza hivyo mwaka 2017, hospitali za rufaa za mikoa nazo ziko chini yake. Lakini zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za serikali, mahali ambapo Watanzania wengi hukutana na huduma kwa mara ya kwanza, ni mali ya halmashauri. Halmashauri hizo ziko 184 upande wa Bara, na husimamiwa na TAMISEMI. Muuguzi wa zahanati anafuata mwongozo ulioandikwa na Wizara, lakini mwajiri wake ni halmashauri. Mganga Mkuu wa Wilaya anapokea maelekezo ya kitaalamu kutoka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, anawajibika kiutawala kwa Mkurugenzi Mtendaji, na bajeti yake hupitishwa na madiwani ambao hawajausoma mwongozo wa Wizara, wala si kazi yao kuusoma. Chukua mfano mmoja mdogo: mjamzito anayepewa rufaa kutoka zahanati kwenda hospitali ya mkoa anavuka mpaka wa wizara mbili akiwa ndani ya gari moja la wagonjwa. Mtafiti wa mfumo wa rufaa asiyeuona mpaka huo atabaki kulaumu ubovu wa barabara.

Muundo huu haukudondoka kutoka mbinguni. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na maboresho yaliyotangazwa mwaka 1998 yakaja na lugha ya kugatua madaraka. Unaweza kuubishia ugatuaji huo, na mimi nina hoja zangu kuhusu jinsi fedha na watumishi wanavyoendelea kuamriwa kutoka juu. Lakini umekuwapo kwa muda mrefu kuliko umri wa wanafunzi wangu wengi wa uzamili. Kuingia wizarani, kupigwa picha na mkurugenzi wa idara, kisha kutangaza kwamba serikali imeshirikishwa, ni kujidanganya. Umeshirikisha upande unaoandika miongozo. Upande wenye watumishi, majengo na akaunti za benki hujaugusa.

Mwenendo wa miradi yetu unafahamika. Andiko linaandikwa kwa lugha ya mfadhili. Kibali cha maadili kinaombwa NIMR, kibali cha utafiti COSTECH. Barua inashuka kutoka TAMISEMI kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo hadi kwa Mkurugenzi, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na mwisho inamfikia mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye anaambiwa tu kwamba wageni wanakuja na awape ushirikiano. Katika ngazi zote hizo tumekwenda kuomba saini. Ni wapi tulipouliza kitu? Hatukumuuliza Mkurugenzi shughuli hii ataiweka katika kifungu gani cha bajeti. Hatukumuuliza mhasibu. Muuguzi, ambaye tayari anajaza rundo la vitabu vya MTUHA peke yake, hatukumuuliza rejista yetu mpya ataijaza saa ngapi. Tulimletea rejista, kalamu na posho. Miaka miwili inapita, posho inakoma, rejista inageuka kuwa daftari la mahudhurio. Makala inachapishwa katika jarida la nje, na mwandishi anapanda cheo. Katika sehemu ya hitimisho anaandika kwamba kinachohitajika ni utashi wa kisiasa.

Naomba tuache sentensi hiyo. Mara nyingi utashi ulikuwapo, ila haukuombwa kwa mtu sahihi wala kwa wakati sahihi.

Tena si kwamba hatuna mfano wa kuigwa. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya pamoja na kituo cha Canada cha utafiti wa maendeleo, IDRC, walianzisha mradi uliojulikana kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Swali lilikuwa rahisi kulitamka: je, timu ya afya ya wilaya ikipewa picha halisi ya magonjwa yanayoua watu wake, na ikapewa uhuru wa kupanga fedha kufuata picha hiyo, vifo vitapungua? Ilibainika kwamba Morogoro malaria ilikuwa ikibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini ikipata takriban asilimia 5 ya bajeti ya afya. Hapo kosa halikuwa la daktari wala la dawa. Lilikuwa kosa la kupanga, na mahali pa kulisahihisha palikuwa mezani kwa timu ya wilaya. Nyongeza ya fedha ilikuwa ndogo, chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka. Rufiji ikapanga upya hata usimamizi wake: vituo vya afya vikakabidhiwa jukumu la kuziangalia zahanati za jirani, na redio za mawasiliano zikafungwa. Katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Wachambuzi wanaweza kujadili sehemu gani ya mafanikio hayo ni ya mradi na sehemu gani ni ya mambo mengine, na ni haki yao. Ninachokitazama mimi ni mahali watafiti wale walipoketi. Waliketi ndani ya mzunguko wa mipango ya wilaya.

Nitaambiwa kwamba mfadhili hutoa miezi 24 na haruhusu mwaka mzima wa kuketi na wahasibu. Ni kweli, na kwa hilo wafadhili wanastahili lawama yao. Wanadai mradi uwe endelevu huku wakikataa kulipia muda wa kuujenga uendelevu huo. Lakini mwombaji ni sisi, na andiko tunaliandika sisi.

Serikali nayo ina sehemu yake ya lawama. Mlolongo wa vibali umejengwa kukagua mihuri. Unathibitisha kwamba barua imepita kila meza, ila hakuna meza inayolazimika kuuliza matokeo yatarudi kwa nani, na nani atalipia shughuli hii mradi ukiisha. Taarifa zetu za mwisho hupelekwa, hupokelewa, hugongwa muhuri na kulala kabatini. Mganga Mkuu wa Wilaya aliyeuelewa utafiti huhamishwa katikati yake, na anayempokea hukabidhiwa ofisi, gari na madeni. Faili la utafiti halimo katika makabidhiano. Kama taifa linataka utafiti uitumikie hospitali, swali la nani atalipa liwekwe katika fomu ya kibali yenyewe, na lijibiwe na halmashauri kwa maandishi, si na mtafiti kwa niaba yake.

Kwa wanafunzi wangu nina sharti jingine, na wenzangu wanaliona la ajabu. Mwanafunzi wa utafiti wa utekelezaji asiniletee andiko kabla hajasoma Mpango Kabambe wa Afya wa halmashauri anayoikusudia, na kabla hajahudhuria angalau kikao kimoja cha kamati ya usimamizi wa kituo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinapelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo. Maana yake ni kwamba mganga mfawidhi na kamati ya wanakijiji sasa wana uamuzi mdogo lakini halisi wa fedha. Huko ndiko shughuli yenye gharama ndogo inakoweza kuishi bila mfadhili, ikiwa imeingia katika mpango wa kituo. Na mpango una msimu wake. Mwaka wa serikali huanza Julai 1, lakini bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Mtafiti anayepeleka matokeo yake mazuri mwezi Agosti, akiwa na slaidi na chakula cha mchana, atapigiwa makofi na kuambiwa asubiri mwaka mwingine. Atarudi chuoni kutuambia kwamba serikali ni sikivu ila ina urasimu.