Freni laini: kutoa hewa kila wiki si kutengeneza gari

Bukavu ni mji wa milima. Kutoka Kadutu mpaka kando ya ziwa ni kutelemka, na anayekwenda Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 anakutana na mteremko wa Ngomo kabla ya kufika Kamanyola. Kwa hiyo habari ya freni inayozama kama mguu umekanyaga godoro haiwahusu mafundi peke yao. Inamhusu kila mama anayepanda na watoto na mizigo yake.

Madereva wa magari ya zamani wanaijua vizuri. Pedali inakuwa laini, dereva anapeleka gari garaji, kijana anafungua vizibo vya kwenye magurudumu, hewa inatoka, mafuta yanaongezwa. Kazi hiyo mafundi wanaiita purji. Pedali inakuwa ngumu, dereva analipa, anarudi barabarani. Kisha juma ao majuma mawili yanapita, ulaini unarudi, na yeye anarudi kwa kijana yule yule. Wengine wanafikia kusema gari ni mzee, imezoea hivyo.

Gari haizoei hewa. Mafuta ya freni hayabanwi. Ukiyasukuma huku, yanasukuma kule. Hewa inabanwa, ndiyo maana pedali inakuwa laini. Na njia ya mafuta hayo, kutoka pedali mpaka gurudumu, imefungwa pande zote. Kama hewa ilitolewa kweli na sasa imerudi, kuna mahali inapoingia, na mara nyingi ndipo mafuta yanapotokea. Fundi ambaye haulizi imeingilia wapi anauza kazi moja mara kumi. Wengine hawafanyi hivyo kwa ubaya, hakuna aliyewafundisha kuuliza. Lakini anayelipa ni yule yule.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni magurudumu ya nyuma. Magari mengi ya zamani yana tamburi huko, na ndani ya kila tamburi kuna silinda ndogo yenye kofia mbili za mpira. Tamburi itolewe, kofia iinuliwe kidogo kwa ncha ya turnavisi. Ikiwa ndani kuna majimaji, raba za silinda hiyo zimekwisha, na purji haitazirudisha.

Pengine kila gurudumu ni kavu na chini ya gari hakuna tone, lakini mafuta kwenye kopo yanapungua. Hapo watu wanaanza kuzungumza juu ya uchawi. Dawa ni kufungua silinda kubwa, ile ambayo pedali inaisukuma, na kutazama nyuma yake. Raba ya nyuma ikichoka, mafuta yanaingia ndani ya servo, na moteri inaweza kuyavuta na kuyachoma, yakatoka kama moshi mweupe.

Silinda kubwa ina ugonjwa mwingine usioonekana kabisa: mafuta yanapita ndani kwa ndani, kutoka upande mmoja wa raba kwenda upande mwingine. Kipimo chake hakihitaji hata ufunguo. Gari isimame, mguu ukae juu ya pedali kwa nguvu ya kawaida, dakika moja. Pedali ikizama polepole na hakuna mahali palipolowa, silinda kubwa haifai tena.

Hapa kuna jambo ambalo magaraji ya kando ya barabara yangepaswa kulijua. Kwa gari ya zamani, purji yenyewe inaweza kuua silinda kubwa. Kila siku pedali inatembea nusu ya njia yake tu. Nusu ile ya chini inashika kutu na uchafu. Siku ya purji kijana anakanyaga mpaka chini kabisa, tena na tena, na raba zinakwaruzwa pale pasipotumika. Dereva aliyekuja na ulaini mdogo anaondoka na silinda iliyokatika, na ugonjwa unajulikana baada ya siku chache. Kuweka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike mwisho hakuna gharama.

Halafu kuna mabomba ya mpira yanayoshuka kwenye magurudumu. Yakizeeka yanavimba dereva akikanyaga, na nguvu ya mguu inaishia humo. Fundi mzuri anayabana moja moja kwa kibanio kisichokata mpira, na pedali inapokuwa ngumu anajua ugonjwa uko upande wa gurudumu lile. Kuna pia kosa dogo lenye hasara kubwa: mashine za diski za mbele zikirudishwa kulia kwa kushoto, kizibo cha hewa kinakaa chini. Hewa inapanda juu siku zote, kwa hiyo haitatoka hata purji ifanywe siku nzima.

Ila si kila pedali inayoshuka ina hewa. Ikiwa inapanda baada ya kukanyagwa mara mbili, kisha inakuwa ngumu kama jiwe, huenda ni tamburi tu zinazohitaji kukazwa.

Mafuta yenyewe nayo yanazeeka. Yanavuta unyevu wa hewa, hata ndani ya chupa iliyofunguliwa na kuachwa juu ya meza ya muuzaji. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzijoto 205. Yakishaingia maji, kiwango kinachohesabiwa kinashuka mpaka 140. Kwenye Ngomo freni zinapata moto, maji yaliyomo yanachemka, mvuke unabanwa kama hewa, na pedali inaanguka. Gari ikipumzika pale Kamanyola, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inakuwa ngumu tena. Dereva anasema imepona! Kama mafuta hayajabadilishwa kwa miaka miwili, yabadilishwe yote. Anayejaza maji ya sabuni akumbuke kwamba kwenye kimo cha Bukavu, karibu metre 1,500, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Na mafuta ya moteri yanavimbisha raba zote za freni. Hata kikombe kimoja ni hasara.

Wengine wanazima moteri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Servo inabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili ao tatu, kisha pedali inakuwa nzito kama ukuta. Akiba hiyo ni ndogo sana mbele ya watu kumi na wanane walio nyuma.

Ni rahisi kusema abiria wakatae gari mbovu. Familia inayokimbia na magodoro, masufuria na bibi mgonjwa haichagui gari, inapanda ile iliyosimama. Na ndiyo gari inayobeba uzito kuliko zote. Kwa hiyo jukumu ni la mwenye gari kwanza, yule anayengojea hesabu ya kila jioni, kabla ya dereva asiye na uwezo wa kununua silinda. Kweli, pesa ni ngumu na vipuri vingi ni vya okazioni. Lakini silinda kubwa iliyotolewa kwenye gari iliyokufa ina raba za umri ule ule. Pesa kidogo iliyopo inafaa zaidi kwa raba mpya, kama tundu la silinda bado ni laini, bila mikwaruzo.

Abiria anaweza kuona mengi akiwa amekaa. Dereva anapiga pedali mara tatu kabla ya kila kona. Konvoyeri anaruka na jiwe mkononi kila gari inaposimama. Kikopo cha mafuta ya freni kinakaa karibu na kiti, kimefunguliwa. Wakuu wa parking, ambao kila asubuhi wanahesabu magari na kupokea pesa zao, wangeweza kufanya kile kipimo cha dakika moja kabla ya gari kupakia. Pedali ikizama, watu na magodoro yao wapande gari inayofuata.