Picha ya "Shimoni" na Kimya Chetu

Niliporudi Kikoneni na kusema barazani kwamba nimetazama picha ya sinema iitwayo "Shimoni", mzee mmoja aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akaniuliza hao wapigaji picha walikuja lini, na mbona hapana mtu wa Wasini aliyewaona. Kwetu watu wa Kwale Shimoni ni moja tu, ile ya pwani yenye mapango ambayo wazee husimulia kuwa walifungiwa watumwa, hapo mtu anapopanda mashua kuvuka kisiwani. Ikanibidi nimweleze kwamba Shimoni ya picha hii ni kijiji cha bara, cha ng'ombe wa maziwa na kanisa, na shimo lake ni la namna nyingine.

Picha hiyo imeongozwa na Angela Wanjiku Wamai, Mkenya, na ndiyo picha yake ndefu ya kwanza. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2022, na mwaka 2023 ikapata tuzo ya farasi wa shaba katika tamasha la FESPACO huko Ouagadougou. Kisa chake kinasimulika kabla kahawa haijapoa. Geoffrey, mwalimu wa Kiingereza, anatoka jela baada ya kufungwa miaka 7 kwa kosa la kuua. Anapelekwa kijijini Shimoni, mahali anapopaogopa, akapewa kazi ya ng'ombe. Kisha anamwona mtu aliyemharibia utoto wake, anatembea kama watu, anasalimiwa kama watu.

Niliitazama Nairobi pamoja na mpwa wangu. Haikufika nusu saa akaninong'oneza, "Mjomba, mbona hapatokei kitu?" Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nililelewa na picha za Kihindi, nikatazama "Sholay" mara nisizoweza kuhesabu, saa tatu za farasi, nyimbo na risasi. Yeye na wenzake wamelelewa na DJ Afro, ambaye humsimulia mtazamaji kila ngumi kabla haijatua. Katika picha hii DJ Afro angekaa bure. Justin Mirichii, anayeigiza kama Geoffrey, anasimama. Anatazama chini. Anaulizwa neno, anajibu nusu yake.

Lakini nilimwambia mpwa wangu, na ndilo ninalotaka kulisema hapa, kwamba kitu kimekwisha kutokea zamani. Kilitokea mtu huyu alipokuwa mtoto, hapana aliyekiona, au aliyekiona alinyamaza. Kinachobaki kwenye picha ni uzito wake, na uzito hauendi mbio. Mwongozaji angetia ngoma na mayowe tungelia kidogo, tukafuta machozi, tukaenda kula. Badala yake ametukalisha ndani ya kimya kile kile alichokalishwa Geoffrey, hata nikajikuta nageukageuka kitini. Siisifu yote. Pana mahali kimya kimezidi, nikawa nasikia jirani yangu akitafuna bisi. Hata hivyo sikutamani kutoka.

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tuna neno tunalolipenda, nalo ni stara. Chuoni tulifundishwa fadhila ya kumsitiri Mwislamu mwenzako, na mafundisho hayo ni ya haki, wala sithubutu kuyapunguza. Mtu akiteleza baina yake na Mola wake, si kazi yangu kulipandisha jambo lake juu ya paa. Lakini tumelichukua neno hilo tukamfunika nalo dhalimu, na aliyedhulumiwa tukamwacha nje na baridi. Suratun Nisaa, aya ya 148, inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hapendi mabaya yatangazwe kwa maneno, kisha ikamtoa aliyedhulumiwa. Yeye ana ruhusa. Ni nani basi aliyempa mjumbe wa mtaa, au ami wa mtoto, mamlaka ya kuirudisha nyuma ruhusa hiyo, mambo yakamalizwa ukumbini kwa mbuzi mmoja na fatiha?

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya wasichana tu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 uliwauliza vijana wa Kenya wa miaka 18 hadi 24. Wanawake 32 katika kila 100 walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wanaume 18 katika kila 100. Sheria ya Makosa ya Kingono ilikuwapo tangu mwaka 2006. Sheria haiingii ndani ya nyumba ambayo mlango umefungwa kwa jina la stara.

Mpwa wangu anataka kuileta picha hii Kikoneni, aionyeshe uwanjani baada ya Isha. Mzee wa kahawa amesema watu wataondoka. Huenda. Mimi nataka ionyeshwe, wakubwa waketi, watoto wabaki nyumbani, na picha ikiisha pasiwe na mtu wa kupanda jukwaani kutoa hotuba.

Ninasema hivi kwa sababu ya mtu mmoja. Tulisoma pamoja, yeye akinipita kwa sauti na kwa hifdhi. Alikuwa na miaka kumi au kumi na moja alipoacha kuja ghafla. Akawa kila akimwona mtu mzima fulani, mtu wa heshima zake, hubadilisha njia na kupita mashambani. Sisi tulimcheka, tukamtungia na kijishairi. Kijishairi hicho nilikitunga mimi, na kilikuwa cha kwanza kusifiwa.

Mwaka jana nilikutana naye sokoni Lungalunga. Ana mvi sasa. Tulishikana mikono, tukaulizana afya, na hatukuiachia mikono haraka. Nikamuuliza habari za mvua. Akanijibu kwamba huko kwao bado haijanyesha.