Shamba la Njombe na ritani ya Marekani

KILA mwaka ifikapo Aprili 15, Watanzania wanaofanya kazi Marekani hutakiwa wawe wamewasilisha ritani zao za kodi. Wapo ambao wenzi wao wamewafuata kwa viza ya tegemezi ya H-4, na swali huwa ni lile lile: wawasilishe pamoja au kila mtu kivyake?

Tunalileta suala hili katika kurasa za kilimo kwa sababu jibu lake hupindishwa na shamba lililoachwa nyumbani.

Chukua mfano wa mume mwenye viza ya H-1B anayepata dola 80,000 kwa mwaka. Mkewe hana kipato huko, kwani H-4 peke yake haimruhusu kuajiriwa bila kibali maalumu. Kwa viwango vya serikali kuu ya Marekani vya mwaka 2025, mume akiwasilisha peke yake anaondolewa dola 15,750 kabla ya kutozwa, na kodi yake inafika dola 9,049. Wakiwasilisha pamoja wanaondolewa dola 31,500, na kodi inashuka hadi dola 5,343. Tofauti ni dola 3,706, na kodi za majimbo hatujazigusa. Kwa nyumba yenye mshahara mmoja, hizo si fedha ndogo.

Mke aliyewasili, tuseme, Oktoba, huwa hajatimiza siku za kuhesabiwa mkazi kwa sheria ya kodi. Hata hivyo, ikiwa mumewe ni mkazi, wanaweza kuandika tamko lenye saini za wote wawili ili naye ahesabiwe mkazi kwa mwaka mzima. Akishahesabiwa hivyo, mapato yake ya popote duniani yanaingia kwenye ritani, likiwemo pango la shamba lake la parachichi Njombe. Hapo ndipo baadhi huingiwa na hofu: punguzo wanalitaka, shamba hawalitaji.

Hofu hiyo haina hesabu. Shamba hilo likimwachia dola 2,000 baada ya gharama, katika mfano wetu zitatozwa asilimia 12, yaani dola 240. Mtu anaharibu nafuu halali ya dola 3,706 kwa kuficha dola 240!

Na huenda hata hizo 240 zisilipwe zote. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, kama tulio nao na Kanada, India na Sweden, na tunaona serikali yetu ingepaswa kuutafuta. Lakini sheria ya Marekani yenyewe inaruhusu kodi ya mapato iliyolipwa nje ipunguze deni la huko. Ushahidi ni risiti ya TRA. Kwa hiyo shemeji au mjomba aliyeachiwa shamba aandike daftari la mauzo, mbolea na vibarua, na risiti azitunze. Shamba linaloendeshwa kwa kumbukumbu za kichwani halina cha kuonyesha.

Mwenzi asiye na namba ya hifadhi ya jamii huomba namba ya ITIN kwa fomu W-7, inayoambatanishwa na ritani. Namba hiyo si kibali cha kazi. Asiyetaka kutuma pasipoti yake kwa posta anaweza kumtumia wakala aliyeidhinishwa na mamlaka ya kodi ya huko, IRS. Wanafunzi wa F-1 na wenzi wao wa F-2, katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, kwa kawaida si wakazi na hawawezi kuwasilisha pamoja.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni saini. Ritani ya pamoja humfanya kila mmoja adaiwe deni lote, hata wakiachana baadaye. Ipo nafuu kwa mwenzi ambaye hakujua yaliyofichwa, ila ni lazima aiombe na athibitishe. Mke asiletewe karatasi usiku wa Aprili 14 na kuonyeshwa tu mahali pa kutia saini. Apewe wiki nzima aisome, na aulize kila tarakimu imetoka wapi.