Kompyuta ya Kutengenezea Zana: Tuanze na Somo, Mashine Ifuate

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkemea mvivu anayesingizia ubovu wa zana ili asiingie shambani. Lakini haimhusu mtu aliyekabidhiwa fedha za kijiji kizima akanunue jembe moja litakalotumiwa na wote kwa miaka mingi. Huyo hana budi kuchagua, na tena achague kwa akili, kwani akikosea hatapoteza chake peke yake bali na cha wenziwe.

Walimu wanafunzi wanaosoma makala haya watajikuta katika hali hiyo mapema kuliko wanavyodhani. Mwalimu kijana anaporipoti katika shule ya msingi iliyoko Momba, Ileje au Mbozi, aghalabu huchukuliwa kuwa ndiye mjuzi wa mambo ya kompyuta. Shule ikipata fedha kidogo, pengine kutokana na michango ya wazazi baada ya mauzo ya kahawa, mwalimu mkuu humwita na kumwambia, "Mwalimu, nenda Tunduma ukatutafutie kompyuta nzuri ya kuchorea." Mwalimu huyo huingia dukani akiwa na fedha mkononi na bila maarifa kichwani, na hapo muuzaji ndiye huwa mwalimu wake.

Maoni yangu ni kwamba kompyuta ya shule ya kusanifia michoro ichaguliwe kwa kuangalia zana zitakazotengenezwa na mtoto atakayezisoma, wala siyo kwa kuangalia ukali wa mashine yenyewe.

Funzo kutoka katika historia yetu

Jambo hili si geni nchini. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ulifanyika mpango wa kuzihamishia hesabu za serikali kwenye mashine kubwa zaidi, wakati ambapo wananchi waliofunzwa kazi hiyo walikuwa wachache sana na utegemezi kwa wataalamu wa kigeni ulikuwa mkubwa. Mpango ukakwama na hasara ikapatikana. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya mlango huo kufunguliwa tena. Funzo tunalolipata hapa ni kwamba mashine ikitangulia, na kazi pamoja na mafunzo vikafuata nyuma, mwisho wake ni hasara. Shule moja ya msingi ikinunua vibaya haitaandikwa katika historia, lakini hasara yake itakuwa ya aina ileile, na waumiao ni watoto.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kabla ya kupanda gari kwenda Tunduma, mwalimu akae na wenzake waandike orodha ya zana zinazohitajika kwa muhula mmoja. Kwa shule ya mkoa wetu orodha hiyo yaweza kuwa kama ifuatavyo:

(a) Ramani ya Mkoa wa Songwe inayoonyesha wilaya zake, reli ya TAZARA, Ziwa Rukwa, na mipaka yetu na Zambia na Malawi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, kwa hiyo ramani za ukutani zilizochapwa kabla ya hapo haziuonyeshi kabisa.

(b) Mfululizo wa picha za zao la kahawa, tangu mche, ua na tunda hadi kukaushwa.

(c) Kadi za silabi na maneno kwa madarasa ya mwanzo.

(d) Kijitabu cha hadithi cha kurasa 8 kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la pili.

(e) Picha ya Kimondo cha Mbozi, chenye urefu wa meta 3 hivi, pamoja na mtoto aliyesimama kando yake ili ukubwa wake ueleweke.

Orodha hii ikichunguzwa, itaonekana kwamba ina michoro ya aina mbili. Ramani, kadi na vielelezo vya kahawa ni michoro ya mistari. Kompyuta huihifadhi kama maelezo ya mistari na maumbo, hivyo yaweza kukuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kupoteza ukali, na haielemei mashine. Picha ya kimondo ni ya aina ya pili, yaani picha ya nukta. Hii ndiyo inayokula kumbukumbu. Bango la ukubwa wa A2 likitayarishwa kwa nukta 300 katika kila inchi, huwa na nukta 4,961 kwa 7,016, yaani karibu nukta milioni 35. Kila nukta ikichukua baiti 4, tabaka moja la picha huchukua megabaiti 139 hivi. Mchoraji akiweka matabaka 10, amekwisha kutumia gigabaiti 1.4, mbali na mahitaji ya programu zenyewe.

Mwalimu aliyeifanya hesabu hiyo hadanganyiki kwa urahisi dukani. Anajua kwamba kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo ramu, ya gigabaiti 8 inatosha kuanzia, na kwamba 16 ni bora endapo picha za nukta ni nyingi. Anajua pia kwamba katika orodha yake yote hakuna kazi inayodai kadi ya michoro ya bei kubwa, ile ipendwayo na wachezaji wa michezo ya kompyuta na watengenezaji wa filamu. Hata zile programu mpya zinazobuni picha kwa kuandikiwa maneno, nyingi hufanya kazi yake katika mashine za mbali kupitia intaneti. Isitoshe, hazina uhakika katika ramani: zaweza kuliweka Ziwa Rukwa mahali lisipo, na mtoto akaamini.

Fedha ziende wapi?

Kwa maoni yangu, katika kila shilingi 100 za shule, 60 zitumike kununulia kasha la mashine na kioo chake, 20 ziwekwe kwa ajili ya kuilinda dhidi ya matatizo ya umeme, na 20 zibaki kwa ajili ya uchapaji. Wengi hutumia zote 100 kwa mashine, kisha wakakaa nayo ikiwa haina karatasi wala wino.

Kwanza, kasha. Mashine yenye diski ya kisasa isiyozunguka, hata kama ni ya mtumba, huwaka na kufungua michoro haraka kuliko mashine mpya yenye diski ya zamani. Kuhusu mitumba, mwalimu akumbuke tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama, yasiyo na malipo, kwa Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Mashine za aina hiyo si za kutupwa, kwani zaweza kuendeshwa kwa Linux, lakini haifai zinunuliwe kwa bei ya mashine zisizo na kasoro hiyo.

Pili, kioo. Mchoraji anaishi kwenye kioo chake. Cha inchi 22 hadi 24 kinatosha. Mwalimu akitazame akiwa mbele yake, kisha asogee kando: kama rangi zinabadilika sana, akiache. Aelewe pia kwamba kioo huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali printa huziunda kwa wino. Ndiyo maana buluu ya ziwa inayong'aa kwenye kioo hufifia ikifika kwenye karatasi. Hilo si ubovu wa mashine, na dawa yake ni kuchapa kipande kidogo cha kujaribia kabla ya kuchapa bango zima.

Tatu, umeme. Umeme wetu ni wa volti 230. Makasha mengine ya mtumba, hasa yaliyotoka Marekani, yana swichi ndogo nyuma yenye tarakimu 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115, mashine huungua mara inapochomekwa. Aidha, umeme ukikatika ghafla kazi ya siku nzima yaweza kupotea. Kwa hiyo kifaa cha yu-pi-esi, kinachoshikilia umeme kwa dakika chache ili kazi ihifadhiwe, si anasa.

Nne, uchapaji. Printa ya bei ndogo mara nyingi huwa na wino wa bei kubwa. Mwalimu aulize kwanza bei ya wino na idadi ya kurasa unazotoa, kisha ndipo aulize bei ya printa. Vilevile azoee kusanifu kwa mistari myeusi. Karatasi za A4 zikiunganishwa kwa gundi hutoa bango kubwa, na wanafunzi wenyewe wakilipaka rangi hupata somo la sanaa papo hapo.

Tano, programu. Inkscape kwa michoro ya mistari, GIMP kwa picha za nukta, na Scribus kwa kupanga kurasa za vitabu, zote hupatikana bila malipo na kwa njia halali. Kuna programu maarufu zinazolipiwa kila mwezi. Shule ya msingi haiwezi kuubeba mzigo huo. Nazo programu za wizi zinazouzwa kwa flashi huja na virusi, na zinavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwalimu anayefundisha maadili asubuhi hapaswi kutumia kitu cha wizi mchana.

Ya mezani au mpakato?

Swali hili huulizwa sana. Mimi napendelea ya mezani. Kioo chake ni kikubwa, kipuri kimoja kikiharibika hubadilishwa peke yake, nayo hubaki shuleni badala ya kusafiri katika mkoba wa mtu mmoja. Lakini pasiwe na ubishi wa bure. Kompyuta ya mezani na kioo chake yaweza kula wati 100 hivi, na mpakato hula chini ya hapo sana. Shule inayotegemea umeme wa jua peke yake ina haki ya kuchagua mpakato, na kutafuta kioo kikubwa baadaye.

Mwalimu akiwa dukani Tunduma, afanye majaribio. Aende na flashi yenye mchoro mkubwa alioutayarisha chuoni, aufungue, aukuze, auhifadhi, kisha aiache mashine ikiwaka kwa saa moja. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Baada ya hapo adai risiti halali yenye jina la shule. Katika mji wa mpakani bidhaa huvuka kila siku kutoka na kwenda Nakonde, na mashine isiyo na risiti haina wa kuulizwa siku inapogoma.

Je, mkono wa mwalimu utakufa?

Wapo wakufunzi wenzangu wanaosema kwamba kompyuta itaua mkono wa mwalimu. Wanakumbusha kwamba tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, walimu walifunzwa kutengeneza zana kwa maboksi, udongo, mbegu na mkaa, na wanafunzi walielewa. Hoja yao ina uzito, nami sitaki ipuuzwe. Mwalimu asiyeweza kuchora ua la mbuni ubaoni kwa chaki hatasaidiwa na mashine, kwa sababu hajalitazama ua lenyewe. Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni huu: mwalimu aende shambani na wanafunzi, atazame, achore kwa penseli, apige picha ya mchoro wake kwa simu, ndipo auingize katika kompyuta na kuupitisha mistari safi. Faida ya kompyuta ni kwamba mchoro ule mzuri hauozi wala hauliwi na mchwa. Unaweza kurekebishwa mwaka ujao, na unaweza kupelekwa kwa flashi katika shule nyingine kumi.

Kipimo cha mwisho

Kipimo cha mwisho cha kompyuta hakipatikani dukani, bali darasani. Herufi ya pointi 72 huonekana kubwa mno kwenye kioo kilicho umbali wa mkono. Ikichapwa, herufi yake kubwa hufikia milimeta 18 tu kwa kimo, na mtoto wa dawati la mwisho katika darasa lililojaa huenda asiione. Mwalimu akibandika bango lake ukutani, na atembee hadi nyuma ya darasa, ainame hadi kimo cha mtoto, asome. Kama hasomi, arudi akalikuze.

Nawasihi walimu wanafunzi waanze maandalizi sasa, wakingali chuoni. Kila mmoja aandike orodha ya zana tano za somo analolipenda, aisanifu moja kati ya hizo kwa programu huria katika kompyuta yoyote iliyopo, na apime ni kumbukumbu kiasi gani imetumika. Siku atakapotumwa Tunduma na fedha za wazazi, atakuwa anajua anachokitafuta, nayo mashine atakayorudi nayo itakuwa na kazi inayoisubiri.