KUSINZIA MCHANA SI UVIVU

Katika mikutano ya vijiji vyetu hakosekani mtu anayesinzia. Wenzake humcheka. Wengine husema ni mvivu, au amelewa, au amerogwa. Sisi tunasema hivi: mtu anayelala usiku kucha na bado anasinzia kila mchana si wa kuchekwa. Ni wa kupelekwa zahanati.

Watu wa Kibondo na Kasulu tuna sababu mbili za kulizingatia jambo hili.

Sababu ya kwanza wazee wanaijua. Ni malale. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Uha na kuwakusanya mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa huo. Mbung'o bado wako katika mapori ya upande wa Moyowosi. Mwenye malale hupata homa na kuumwa kichwa, kisha usingizi wake hugeuka: usiku yuko macho, mchana analala. Asipotibiwa hufa, na dawa ipo. Kwa hiyo mrina asali au mtu yeyote aliyetoka porini akianza kusinzia, kwanza apimwe damu.

Sababu ya pili haizungumzwi sana. Ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa wengine, hasa wanene wenye shingo nene, au wenye mafindofindo yaliyovimba, njia ya hewa huziba. Mtu anakoroma kwa nguvu, mara kimya. Hapumui kwa sekunde 10 au zaidi. Halafu hushtuka kama mtu anayezama majini, huvuta pumzi, na kuanza kukoroma tena. Ugonjwa ukiwa mkali, jambo hili hutokea mara 30 au zaidi katika kila saa moja. Mtu huyo amekaa kitandani usiku mzima, lakini hakulala.

Asubuhi yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Anajua tu kwamba kichwa kinamuuma na mwili umechoka. Shahidi ni mke au mume wake. Ndiyo maana tunashauri mgonjwa aende kwa mganga pamoja na mtu anayelala naye. Maneno ya shahidi huyo yana thamani kubwa. Watoto nao wanaokoroma kila usiku wachunguzwe koo.

Tusidhani ni ugonjwa wa watu wachache. Mwaka 2019 wataalamu walikadiria kuwa watu wazima milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu. Usipotibiwa huambatana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Na dereva wa bodaboda au lori anayesinzia njiani huhatarisha maisha yake na ya abiria wake.

Zamani aliyezidiwa na ugonjwa huu alitobolewa tundu kooni ili apumue. Mwaka 1981 Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia nyingine: mashine ndogo inayosukuma hewa kwa mpira mpaka kwenye barakoa ya puani. Hewa hiyo hulizuia koo lisizibe. Haiponyi ugonjwa. Inafanya kazi wakati imevaliwa tu.

Mashine hii ni ghali, na haipatikani zahanati. Mgonjwa huhitaji kupimwa usingizi katika hospitali kubwa. Lakini hata wanaobahatika kuipata, wengi huiacha. Barakoa inabana, pua inakauka, na majirani wanacheka. Hapa pana kosa la kusahihishwa. Kumpa mtu mashine bila kumfundisha ni sawa na kumpa kitabu asiyejua kusoma. Wanaotoa mashine wafundishe, na familia isaidie.

Mwenye mashine ayashike haya:

1. Zoea polepole. Vaa barakoa mchana ukiwa macho, ukisikiliza redio. Kisha jaribu kulala nayo usingizi mfupi wa mchana.

2. Ukilala mchana, ivae. Wengi hufikiri mashine ni ya usiku tu. Koo halijui saa. Likilegea mchana huziba vilevile. Lala dakika 20 hadi 30, kabla ya saa tisa alasiri, usije ukakosa usingizi wa usiku.

3. Usikaze mikanda kupita kiasi. Barakoa ikivuja au ikichubua pua, rudi hospitali ubadilishiwe kipimo. Hiyo si haya.

4. Lala ubavu. Ukilala chali, ulimi na koo huanguka nyuma.

5. Jihadhari na baridi ya huku milimani. Kama mashine ina chombo cha maji, weka maji yaliyochemshwa yakapoa, na uyabadilishe kila siku. Funika mpira kwa kitambaa, maji yasigande ndani na kukutonea usoni.

6. Usiiweke penye moshi wa mafiga. Mashine huvuta hewa ya chumba hichohicho. Safisha kichujio, na uoshe barakoa kwa sabuni na maji.

7. Umeme ukikatika, vua barakoa, inua kichwa na ulale ubavu. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, lakini si kila nyumba inao. Muulize mtaalamu kama mashine yako inaweza kutumia betri ya sola.

Asiye na mashine naye ana la kufanya. Alale ubavu. Apunguze unene. Asinywe pombe jioni, kwa kuwa pombe hulegeza koo zaidi. Asijinunulie vidonge vya usingizi. Na apime shinikizo la damu.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha kwamba magonjwa mengi hushindwa kwa watu kuelewa chanzo chake na kushirikiana. Jambo hili ni la namna hiyo. Kicheko cha mkutanoni humfanya mgonjwa ajifiche, na anayejificha hatibiwi. Ukimwona mwenzako anasinzia kila siku, muulize maswali mawili: umekwenda porini? Na usiku unakoroma? Kisha mpeleke zahanati.

Maswali ya kujadili:

1. Kijijini kwetu, mtu anayesinzia mchana huitwaje? Jina hilo linamsaidia?

2. Nani katika nyumba yako anakoroma kisha ananyamaza ghafla?

3. Tufanye nini ili mwenye mashine asione haya kuivaa?