Ginseng ya Korea: kati ya mzizi na dozi kuna safari ndefu

Huenda ginseng imeshafika nyumbani kwako hata kama hujawahi kuuona mmea wenyewe. Imo kwenye kahawa ya unga ya pakiti, kwenye vidonge vya kuongeza nguvu, na kwenye chupa ndogo zinazopitishwa ofisini na mtu anayekuita pembeni kwa sauti ya chini. Ukimuuliza inatibu nini, orodha yake haiishi: presha, kisukari, uchovu, nguvu za kiume, hata saratani. Ukimuuliza ushahidi uko wapi, atakujibu kwamba Wakorea wanaitumia tangu enzi za mababu zao.

Hapo amesema nusu ya ukweli. Ni kweli Wakorea wameuthamini mzizi huo kwa karne nyingi. Nusu aliyoiacha ni kwamba hawakuishia kwenye sifa za mababu. Wameuingiza hospitalini, wameupima kwa wagonjwa, na wamebishana juu ya tiba zao za asili mpaka mahakamani. Nusu hiyo ndiyo ninayotaka tuiangalie leo, kwa sababu inamhusu mama anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda huku akinywa chai ya ginseng kila asubuhi, na mgonjwa wa saratani anayeshawishiwa aache kliniki ashike chupa.

Milango miwili ya tiba

Korea Kusini ina mifumo miwili ya tiba inayotambuliwa na sheria tangu 1951. Upande mmoja wapo madaktari kama hawa tunaowajua. Upande wa pili wapo madaktari wa tiba ya Kikorea, wanaosoma chuo kikuu kwa miaka 6, wanafanya mtihani wa taifa na kupewa leseni yao. Nguzo mojawapo ya elimu yao ni kitabu kiitwacho Dongui Bogam, kilichoandikwa na tabibu wa ikulu Heo Jun na kuchapishwa mwaka 1613. Mwaka 2009 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Tangu 1987 bima ya afya ya taifa hulipia baadhi ya huduma za tiba hiyo, ikiwemo ile ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini. Novemba 2020 serikali ilianza mradi wa majaribio wa kulipia pia dawa za mitishamba zinazochemshwa kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa matatizo machache tu: maumivu ya hedhi, kupooza uso, na athari zinazobaki baada ya kiharusi kwa wazee. Madaktari wa upande wa kwanza walipinga vikali. Hoja yao ilikuwa kwamba fedha za umma zisilipie dawa ambayo usalama na nguvu yake havijathibitishwa.

Ugomvi mwingine ulifika Mahakama ya Juu. Daktari wa tiba ya Kikorea alishtakiwa kwa kutumia kipimo cha altrasaundi. Alikuwa amempima mgonjwa mmoja mara 68, na saratani ya mfuko wa uzazi haikugunduliwa. Desemba 2022 mahakama hiyo ilitengua hukumu iliyomtia hatiani, ikaona kwamba daktari wa tiba ya Kikorea kutumia kifaa hicho kusaidia uchunguzi si kosa la jinai. Wengine walishangilia kwamba tiba ya asili imeruhusiwa kutumia vifaa vya kisasa. Wengine waliuliza swali ambalo wewe na mimi tungeuliza: mgonjwa yule je?

Sikusimulii haya ili uchague upande. Nataka uone jambo moja. Kule tabibu wa mitishamba ana leseni, ana kumbukumbu za mgonjwa, na akikosea anajulikana alipo na anaweza kufikishwa mahakamani. Mtu anayekuuzia chupa ofisini, namba yake ikizimwa, habari imeishia hapo.

Majaribio yanasema nini

Sasa turudi kwenye mzizi. Mwaka 2020 watafiti wa Korea walichapisha matokeo ya jaribio kubwa la ginseng nyekundu, yaani mizizi iliyopikwa kwa mvuke kisha ikakaushwa. Wagonjwa zaidi ya 400 wa saratani ya utumbo mpana, waliokuwa wakipata tibakemikali, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa miligramu 2,000 za ginseng kwa siku kwa wiki 16, jingine likapewa vidonge vinavyofanana lakini visivyo na dawa. Waliotumia ginseng walipata nafuu zaidi ya uchovu.

Hiyo ni habari njema, kwa sababu uchovu wa saratani hauondoki kwa kulala. Lakini soma vizuri. Kila mgonjwa katika jaribio lile alikuwa akiendelea na matibabu ya hospitali. Ginseng haikupewa kazi ya kuua saratani; ilipimwa kama inapunguza uchovu. Anayechukua matokeo hayo akayageuza kuwa "ginseng inatibu saratani" anakudanganya, ama kwa kujua au kwa kutojua.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani nao walichapisha jaribio la wagonjwa 364 wa saratani wenye uchovu, wakitumia ginseng ya aina ya Marekani kwa kipimo hicho hicho cha miligramu 2,000. Baada ya wiki 4 hawakuona tofauti ya kutosha kati ya makundi mawili. Tofauti ilionekana wiki ya 8. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba utapata nguvu mpya ndani ya siku tatu, jiulize ndani ya kidonge hicho kuna nini zaidi ya ginseng. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekamata mara kwa mara bidhaa za "asili" za nguvu za kiume zilizochanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya kizungu kabisa. Kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha ghafla na kumuua.

Jina moja, vitu vingi

Mwaka 2004 jaribio dogo kwa watu wenye afya lilionyesha kwamba ginseng ya Marekani ilipunguza nguvu ya warfarini, dawa inayozuia damu kuganda. Mwaka huo huo jaribio jingine dogo, lililotumia ginseng ya Korea, halikuona badiliko hilo. Je, watafiti walijipinga? Hapana. Ile ni mimea miwili tofauti ya ukoo mmoja, na watu waliopimwa walikuwa wachache. Lakini kwenye kibandiko cha dukani yote miwili inaweza kuandikwa neno moja tu: ginseng.

Tena hata mzizi ukiwa ule ule, miili haifanani. Kemikali kuu za ginseng, ziitwazo ginsenosaidi, nyingi haziingii kwenye damu kirahisi zikiwa kama zilivyo. Bakteria wanaoishi utumboni huzivunja kwanza, ndipo mwili uweze kuzichukua, na bakteria wa utumbo wako si sawa na wa jirani yako. Watu wawili wanaweza kunywa kikombe kimoja, mmoja akaona mabadiliko na mwingine asione lolote.

Wakorea wa zamani hawakuwajua bakteria, lakini tofauti ya miili waliiona. Mwaka 1894 tabibu Lee Je-ma aliandika mfumo unaowagawa watu katika maumbile manne, na katika mfumo huo ginseng ilikuwa dawa ya watu wa umbile moja hasa, wale wanaohesabiwa kuwa na mwili wa baridi. Yaani hata mila yenyewe haijasema kwamba ginseng ni ya kila mtu. Hiyo ni lugha ya muuzaji.

Kutoka gome hadi miseli

Kuna sehemu ya safari hii ambayo wengi hawaijui, na Korea imo pia. Ni safari ya dawa kutoka kwenye mmea hadi ndani ya uvimbe.

Mfano mzuri ni paklitaseli, dawa inayotumika sana kwa saratani ya matiti, mapafu na ovari. Ilipatikana kwanza kwenye gome la mti uitwao Taxus brevifolia, unaoota magharibi mwa Amerika Kaskazini. Gome lilikusanywa miaka ya 1960, Marekani ikaiidhinisha dawa mwaka 1992. Miaka thelathini ilipita katikati. Kikwazo kimojawapo kilikuwa kwamba paklitaseli haiyeyuki kwenye maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Ilibidi iyeyushwe kwenye kiyeyushi kinachotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo pamoja na kilevi. Kiyeyushi hicho huweza kuleta mzio mkali, na ndiyo maana wagonjwa hupewa dawa za kuzuia mzio kabla ya dripu.

Watengenezaji wa Korea walikuja na njia nyingine. Walitumia polima, yaani nyuzi za molekuli zilizotengenezwa maabara, zenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoyakimbia. Zikiwekwa ndani ya maji hujikunja zenyewe kuwa vijipira viitwavyo miseli, na dawa hujificha katikati. Kijipira kimoja hupimwa kwa makumi ya nanomita. Unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita. Dawa hiyo, Genexol-PM, iliidhinishwa Korea Kusini mwaka 2007, bila kile kiyeyushi cha nyonyo.

Je, ilikuwa muujiza? Tuwe wakweli. Katika jaribio la wagonjwa wa saratani ya matiti iliyorudi au iliyosambaa, lililochapishwa 2017, uvimbe ulipungua kwa takriban asilimia 39 ya waliopewa miseli, dhidi ya asilimia 24 ya waliopewa dawa ya kawaida. Waliopewa miseli walipata pia dozi kubwa zaidi. Lakini katika muda wa kuishi, tofauti ya uhakika haikuonekana. Ni hatua mbele, na watafiti waliieleza kwa kipimo chake bila kuipamba.

Somo liko hata nyumbani

Huna haja ya kwenda Seoul kuliona jambo hili. Dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati imetokana na mmea wa pakanga. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata fununu kwenye kitabu cha kale cha tiba, akagundua kwamba joto kali linaharibu dawa iliyomo, akabadilisha namna ya kuikamua. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli. Kitabu cha kale kilimwonyesha pa kuanzia. Dozi ilitoka maabara na kwa wagonjwa waliopimwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya pakanga: kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani, na dozi pungufu inawafundisha vimelea usugu.

Kwa hiyo tusiseme tiba asili ni ujinga. Wala tusiseme kila cha asili hakina madhara. Sumu nyingi tunazozijua ni za asili. Tofauti ya mzizi na dawa ni maswali matatu: ni mmea gani hasa, ni kiasi gani, na umepimwa kwa nani?

Ukiwa na hayo, fanya mambo haya manne.

Kwanza, kama unatumia warfarini, dawa za kisukari, za presha au za saratani, usianze ginseng kabla ya kuongea na daktari au mfamasia wako. Ginseng inaweza kushusha sukari, na kwa anayemeza dawa ya kisukari hali hiyo inaweza kuwa ya hatari.

Pili, ukienda kliniki beba chupa au pakiti yenyewe. Daktari akisoma kibandiko atakusaidia zaidi kuliko wewe kumwambia "natumia dawa fulani ya Kikorea".

Tatu, uliza usajili. Tanzania wapo TMDA na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kenya ipo Bodi ya Famasia na Sumu. Anayekasirika ukimuuliza usajili ameshakujibu.

Nne, usiache dozi ya hospitali kwa ajili ya chupa. Wagonjwa wa Korea waliopata nafuu ya uchovu walikuwa kwenye dripu zao.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema pia mficha maradhi kilio humuumbua. Wapo wengi wanaonyamaza mbele ya daktari kwa kuogopa kugombezwa. Mwambie hata hivyo. Kugombezwa ni dakika tano. Damu ikivuja au ikiganda pasipotakiwa, huenda hata muda wa kueleza usiupate.