Acha Kumnyang'anya Shosho Simu

Mwezi jana shosho wangu alipoteza shilingi 4,000. Alienda saiba, akampa kijana wa pale simu na nambari ya siri amwangalizie salio kwenye programu mpya ya sacco yake. Kufika jioni, pesa imepungua.

Nyumbani kila mtu alimrukia. "Shosho, nani hupeana nambari ya siri?" Mimi nilinyamaza, juu nilijua nani alimfunza hiyo tabia. Ni mimi.

Sacco ilipowaambia wanachama wapakue programu, shosho aliniletea simu. Nikaichukua, nikabonyeza-bonyeza dakika tatu, nikamchagulia hadi nambari ya siri, mwaka aliozaliwa. "Iko sawa shosho." Yeye hakugusa kitu. Siku hiyo alijifunza jambo moja tu: simu ikikusumbua, mpe kijana na umtajie nambari.

Sisi tunaita hiyo kusaidia. Zile ni haraka zetu tu.

Na msiniambie ati wazee hawawezi teknolojia. M-PESA ilipoanza 2007, hao hao shosho waliijua kwa mulika mwizi. Kwani walisoma kijitabu? Kulikuwa na ajenti dukani, mtu wanamjua, anasema "bonyeza hapa", na mama anabonyeza mwenyewe. Meseji ikiingia, anaona kazi ya mkono wake. Kesho anarudia, na kesho kutwa anamfunza jirani.

Siku hizi mtu anatengeneza programu, anaweka maelezo ya Kiingereza yanayopita kwa skrini mbio, halafu anashangaa watu wakijaa saiba. Bana, kama sacco ina pesa ya kutengeneza programu, haikosi ya kumlipa kijana mmoja akae mlangoni mwezi mzima akielekeza watu. Vijana bila kazi tuko wengi, wenye vyeti na sisi tulioacha chuo njiani. Huyo kijana apewe sheria moja: asiguse simu ya mtu. Aelekeze kwa mdomo, kwa lugha ya mwenye simu.

Najua si rahisi. Jumapili nilikaa na shosho, mikono nikaiweka mfukoni. Alipotea mara tatu. Mara ya pili nilikaribia kumnyang'anya simu, wallahi. Tulimaliza saa nzima kwa kitu mimi hufanya kwa dakika moja. Lakini alifungua mwenyewe, akaona salio, akatoka, akaingia tena bila kuniuliza.

Halafu tukafika mahali pa kubadilisha nambari ya siri. Akaniangalia, akageuza simu, akasema, "Wewe toka nje kwanza."

Nilitoka nikicheka. Hapo ndio nilijua ameelewa.